Joka la Sisilia: mwongozo wa kushambulia ukiwa na kete nyeusi

Katika baraza tunapochezea sataranji kila Jumamosi hapa Bukavu, si mbali na Nyawera, nimeona jambo moja likijirudia kwa miaka: mchezaji anayepangiwa kete nyeusi hukaa kama mtu aliyeitwa kujibu mashtaka. Mweupe anasukuma, yeye anaziba. Mweupe anatishia, yeye anarudisha kete nyuma. Na baada ya hatua thelathini mchezo unakwisha bila yeye kuwahi kuuliza swali hata moja. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya vijana hao, wale ambao tayari wanazijua sheria zote, wanajua kumfunga mfalme kwa ngome mbili, na sasa wanataka ufunguzi mmoja mkali ambao utawapa haki ya kushambulia tangu hatua za kwanza hata kama hawakuanza wao.

Ufunguzi wenyewe unaitwa Joka, na ni tawi la Ulinzi wa Sisilia. Matawi yake ni mengi mno kuingia katika maandishi ya siku moja, lakini jambo linaloyaunganisha ni moja, nami naliweka hapa mbele ili ulisome kila kinachofuata ukiwa nalo mkononi: katika Joka, askofu wako wa g7 ana thamani kuliko ngome yako ya c8, na ngome hiyo imewekwa pale ili, wakati wake ukifika, impige farasi wa c3 nayo ipigwe. Asiyekuwa tayari kuitoa ngome hiyo ni afadhali achague ufunguzi mwingine.

Neno kuhusu majina. Wengi wetu tumefundishwa sataranji kwa Kifaransa, kwa hiyo herufi F kwetu ni fou, yaani askofu, ilhali msomaji aliyefundishwa kwa Kiswahili ataisoma kuwa farasi. Ili tusipotezane nitayaandika majina ya kete kwa ukamilifu: mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi. Hatua isiyotaja jina la kete ni ya kitunda. Alama ya x inaonyesha kupiga, O-O ni roki fupi, yaani mfalme na ngome kuhama pamoja upande wa mfalme, na O-O-O ni roki ndefu, upande wa malkia. Pale ninapoweka vitone vitatu baada ya namba, hatua hiyo ni ya Mweusi.

Kwanza: hatua tano za kujenga Joka

Toa ubao, weka kete, na uzicheze hatua hizi kwa mkono kabla ya kuendelea kusoma.

1. e4 c5
2. farasi f3 d6
3. d4 cxd4
4. farasi xd4 farasi f6
5. farasi c3 g6

Kila hatua hapa ina sababu, na ukizijua sababu hutahitaji kukariri. Kitunda cha c5 kinaigombea nyumba ya d4 kutoka ubavuni, na kinapobadilishana na kitunda cha d4, Mweupe anabaki bila kitunda cha kati cha d, ilhali wewe bado una viwili, cha d na cha e. Zaidi ya hayo, mstari wa c umefunguka upande wako, na huo ndio barabara ambayo ngome yako itaipitia. Hatua ya nne, farasi f6, hupuuzwa na wengi kana kwamba ni ya kawaida tu, lakini inakitishia kitunda cha e4 na hivyo kumsukuma Mweupe amtoe farasi wake c3, mbele ya kitunda chake cha c2. Ukianza na g6 kabla ya kumtishia e4, atasukuma c4 kwanza, atakibana kituo cha ubao, na mchezo utakuwa wa polepole, tofauti kabisa na ule tunaoutafuta.

Halafu g6, na baada yake askofu atasimama g7. Kutoka hapo anatazama mshazari mrefu mweusi: f6, e5, d4, c3, b2, a1. Mara nyingi Mweupe atafanya roki ndefu, kwa hiyo macho ya askofu huyo yanaelekea moja kwa moja kwenye nyumba zinazomzunguka mfalme wake. Mchezaji Fyodor Dus-Chotimirsky alieleza kwamba ndiye aliyeupa mpangilio huu jina la Joka, akiwa Kiev mwaka 1901, kwa kuwa vitunda vya Mweusi vya d6, e7, f7, g6 na h7 vilimkumbusha nyota za kundi liitwalo Joka. Ukivitazama kwa makini utaona kweli mgongo uliopinda.

Pili: mtambue aliyekaa mbele yako

Hatua ya sita ya Mweupe inakuambia unacheza na mtu wa aina gani. Akicheza 6. askofu e2 na baadaye roki fupi, anataka utulivu. Wewe weka askofu g7, fanya roki, mtoe farasi c6, mlete askofu e6, weka ngome c8, kisha umpeleke farasi a5 na c4. Hapo huna haraka, wala yeye hana. Mchezo ni mzuri lakini hauhitaji mwongozo mrefu.

Akicheza 6. f4, kuwa macho, kwa sababu anataka kusukuma e5 usoni pa farasi wako wa f6. Nimeona vijana wengi wakiweka askofu g7 bila kufikiri, kisha 7. e5 dxe5 8. fxe5 farasi g4, na hapo 9. askofu b5 inamtishia mfalme na kuleta maafa: ukimziba kwa askofu d7, malkia mweupe anamla farasi wa g4 bure, kwa kuwa askofu wako wa d7 amefungwa mbele ya mfalme, ukimsogeza mfalme f8, farasi wa d4 anaruka e6, anamtishia mfalme, na malkia wako wa d8 amekwenda. Jibu rahisi ni 6... farasi c6 kwanza, ili kituo kiwe na mlinzi mwingine, na askofu aende g7 baadaye.

Lakini mchezaji unayepaswa kujiandaa kwa ajili yake hasa ni yule anayecheza 6. askofu e3, kisha f3, malkia d2 na roki ndefu. Mpango huu unaitwa Shambulio la Yugoslavia, na sehemu yote iliyobaki ya mwongozo huu, isipokuwa aya moja karibu na mwisho, inauhusu.

Kabla ya kwenda mbele, futa kabisa wazo moja akilini. Ukimwona askofu wa e3, mkono utakuwasha kumrukia kwa 6... farasi g4. Usifanye hivyo. Jibu ni lile lile, 7. askofu b5 akimtishia mfalme. Ukiziba kwa askofu d7, malkia anamla farasi wa g4, na mchezo umekwisha katika hatua ya nane.

Tatu: ujue mpango wake kama unavyoujua wako

Mchezo unaendelea hivi:

6. askofu e3 askofu g7
7. f3 O-O
8. malkia d2 farasi c6

Sasa mfalme wako yuko g8, wake atakuwa c1. Kila mmoja atashambulia upande wake, na atakayefika kwanza ndiye atakayeshinda. Anachokitaka Mweupe kina sehemu nne, na hakifichi: kusukuma h4 hadi h5 ili mstari wa h ufunguke, kumleta askofu h6 ili ambadilishe askofu wako wa g7, kumweka malkia h6, na kumwondoa farasi wako wa f6, ama kwa kusukuma g5 ama kwa kumpiga na farasi anayetua d5. Farasi wa f6 akishaondoka, nyumba ya h7 haina mlinzi mwingine ila mfalme mwenyewe, na hapo unafungwa.

Jizoeze kuhesabu. Kila unapokaribia kucheza, jiulize kimoyomoyo: akiachwa peke yake, anahitaji hatua ngapi ili malkia wake na ngome yake wakutane kwenye mstari wa h? Nami nahitaji ngapi ili nimfungue mfalme wake? Ukiwa nyuma kwa hatua moja, tafuta hatua inayotishia kitu, ili alazimike kujibu, maana anapojibu hesabu yake inasimama. Hatua ya polepole kama a6, ambayo katika funguzi nyingine za Sisilia ni ya heshima, hapa mara nyingi ni zawadi kwa adui.

Nne: akifanya roki mapema, vunja kituo mara moja

Akicheza 9. O-O-O kabla ya kumtoa askofu wake wa f1, nyumba ya d5 haijalindwa vya kutosha, na jibu lako ni 9... d5. Hii ni hatua ninayoipenda kuliko zote katika ufunguzi huu, kwa sababu inampokonya Mweupe mchezo aliokuja kuucheza. Mwendelezo wa kawaida ni:

10. exd5 farasi xd5
11. farasi xc6 bxc6

Mstari wa b umefunguka mbele ya mfalme wake. Akiwa mlafi atacheza 12. farasi xd5 cxd5 13. malkia xd5, na hapo uwe umejiandaa kwa 13... malkia c7. Ngome yako ya a8 iko mdomoni mwa malkia wake, mwache ale. Baada ya 14. malkia xa8 askofu f5, malkia wake anatishiwa na ngome ya f8, na wakati huo huo wewe unatishia kupiga c2 na kumfunga mfalme. Atalazimika kutoa malkia kwa 15. malkia xf8 mfalme xf8, kisha ailinde c2 kwa ngome d2. Yeye atakuwa na ngome mbili, wewe malkia na maaskofu wawili walio hai, na mfalme wake hana pa kujificha. Vita bado ni virefu, lakini ni wewe unayeuliza maswali.

Mchezaji mwenye busara hatakula. Atacheza 12. askofu d4, akitaka kumbadilisha askofu wako wa g7. Mjibu 12... e5, na akija 13. askofu c5 akiitishia ngome ya f8, usiihamishe. Cheza 13... askofu e6. Akiila ngome, malkia wako ataila kete iliyoipiga, askofu wake wa nyumba nyeusi atakuwa ametoweka, na askofu wako wa g7 hatakuwa na mpinzani ubaoni hadi mwisho wa mchezo. Umeona jinsi jambo lile la mwanzoni linavyorudi: ngome inatolewa, askofu wa g7 anabaki.

Tano: akicheza askofu c4

Wachezaji waliosoma watacheza 9. askofu c4, ili kuizuia d5. Hapo mpangilio wako ni huu:

9... askofu d7
10. O-O-O ngome c8
11. askofu b3 farasi e5
12. h4 h5

Ngome ya c8 inatazamana na farasi wa c3. Farasi wa e5 anaitazama c4, na akifika huko atamlazimisha Mweupe amtoe askofu wake wa b3 kwa ajili yake. Kuhusu 12... h5, wanafunzi wangu wengi huogopa, kwa kuwa wamefundishwa tangu utotoni wasisogeze vitunda vilivyo mbele ya mfalme. Kanuni ile ni njema, lakini hapa kuna sababu ya kuivunja: kitunda cha h5 kinakizuia kitunda cha h4 kisiendelee, na Mweupe sasa atahitaji g4 na kafara ili kuufungua mstari ule ambao angeufungua kwa hatua moja tu. Njia hii ilienezwa na grandmasta wa Marekani Andrew Soltis, na jina lake limebaki juu yake.

Njia ya zamani ilikuwa 12... farasi c4 13. askofu xc4 ngome xc4, kisha Mweupe anasukuma 14. h5, Mweusi anakila kitunda kwa farasi, 15. g4 inamrudisha farasi f6, na mstari wa h uko wazi. Hivyo ndivyo Viktor Korchnoi alivyocheza dhidi ya Anatoly Karpov huko Moscow mwaka 1974, katika mchezo wa pili wa fainali ya kumpata mpinzani wa bingwa wa dunia, akashindwa katika hatua ya 27. Utafute mchezo huo na uucheze polepole. Tazama hasa hatua ya 16 ya Karpov: kabla ya kushambulia, alimrudisha farasi wake wa d4 hadi e2, ili amlinde farasi wa c3. Hatua chache baadaye akaiinua ngome hadi d3, na c3 ikapata mlinzi mwingine. Karpov alijua hatari yake inatoka wapi. Ukiona Mweupe anatumia muda kuilinda c3, ujue amesoma.

Sita: ngome kwa farasi wa c3

Hapa ndipo nataka tukae.

Miaka kadhaa iliyopita nilicheza na mwanafunzi wa sekondari kutoka Kadutu, mvua ikinyesha kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuondoka barazani. Nilicheza Joka, ngome yangu ikasimama c8 na farasi wake c3, na kati yao hapakuwa na kete. Kwa hatua sita nzima niliitazama nafasi ile na kila mara nikasema moyoni: ngome ni pointi tano, farasi ni tatu, nitakuwa nimepoteza mbili. Yeye akambadilisha askofu wangu wa g7, akamweka malkia h6, akaifungua njia ya ngome yake ya h1, akasukuma g5. Farasi wangu wa f6 akahama, na nikafungwa h7 huku ngome yangu ya c8 ikiwa salama kabisa, haijaguswa. Niliporudi nyumbani niliipanga nafasi ile upya kwa mwanga wa simu, nikaipiga c3 katika ile hatua ya kwanza kati ya zile sita, na shambulio lake lote likakosa wakati.

Sasa tuitazame kafara hiyo kwa karibu. Chukua nafasi ya hapo juu, baada ya 12... h5, na tuseme Mweupe anakimbilia mpango wake wa kawaida:

13. askofu h6 askofu xh6
14. malkia xh6 ngome xc3
15. bxc3 malkia a5

Utauliza: mbona nimemruhusu ambadilishe askofu wa g7, ilhali nimesema ndiye kete yangu bora? Kwa sababu malkia wake, ili ampige, ameiacha d2. Akiwa d2 alikuwa anailinda c3. Akiwa h6 yuko mbali na mfalme wake, na kitunda chako cha h5 kinamnyima mstari wazi wa kumsaidia. Ubadilishanaji ule umemvuta mlinzi kutoka mlangoni. Ndiyo maana mpangilio wa hatua ni muhimu sana: ukipiga c3 malkia akiwa bado d2, anaweza kukupiga kwa malkia mwenyewe, vitunda vyake vinabaki vimesimama wima, na wewe umetoa ngome bure.

Baada ya 15... malkia a5, hesabu kilichopo. Kitunda cha c3 hakina mlinzi, na ukikila umerudishiwa moja kati ya zile mbili ulizotoa. Vitunda vilivyokuwa ukuta wa mfalme wake, a2, b2 na c2, sasa ni a2, c2 na kile cha c3 kilichotengwa mbele. Malkia wako anaweza kuingia a3 akimtishia mfalme. Ngome yako ya f8 inahitaji hatua moja tu kufika c8. Farasi wa e5 anaitazama c4 na f3. Upande wake, malkia wa h6 amesimama mbele ya mfalme wako akiwa peke yake, kwa kuwa farasi wa f6 bado anailinda h7 na ngome yake ya h1 imezibwa na kitunda chake mwenyewe.

Kijana mmoja tunayecheza naye aliniuliza, “Yaya (yaani mkubwa wangu), na kama akinikatalia kosa hadi mwisho wa mchezo, si nitakuwa na ngome pungufu?” Ndiyo, anaweza kupona. Lakini atapona kwa kujilinda hatua kumi na tano mfululizo, kila moja ikiwa sahihi, na huyu ni mtu aliyekuja akitaka kushambulia. Katika michezo yetu ya Jumamosi, hilo ni jambo gumu kuliko kupoteza zile mbili.

Nina dokezo dogo la kufundishia. Ubao wetu ni wa tripleksi iliyopakwa rangi, na ngome moja nyeusi ilipotea siku nyingi, tukaweka kizibo cha chupa mahali pake. Niligundua kwamba wanaoanza huitoa ngome ya kizibo kwa urahisi zaidi kuliko ile ya mbao. Tangu hapo, ninapomfundisha mtu Joka, kizibo hukaa a8, ambako ndiko ngome ya c8 inakotoka.

Saba: wakati wa kuizuia mkono

Kafara hii ina masharti, na ukiyakosa utapoteza bila faida. Usipige c3 ikiwa farasi mweupe yuko e2 na anaweza kukupiga bila kuvunja vitunda. Usipige ikiwa mfalme wake amefanya roki fupi, isipokuwa umehesabu kwamba kitunda cha e4 kitaanguka mara moja baada yake. Usipige ikiwa malkia wako hawezi kufika a5 au c7 katika hatua inayofuata, maana ngome iliyokufa peke yake haina wa kuifuata.

Pia si kila askofu anayekuja h6 anapaswa kupigwa. Ikiwa ngome yako ya f8 imekwisha kuhamia nyumba nyingine na malkia wake hana cha kuacha nyuma kwenye c3, mrudishe askofu wako h8. Pale pembeni bado anautazama mshazari wote, na Mweupe amepoteza hatua yake.

Mweupe ana majibu mengine katika hatua ya 13. Linalokutana nawe mara nyingi ni 13. askofu g5, akimbana farasi wa f6. Jibu lake ni 13... ngome c5: kutoka hapo ngome inailinda safu yote ya tano, inazipunguzia nguvu hatua za e5 na farasi d5, na inaandaa b5. Akicheza 13. mfalme b1, mpeleke farasi c4. Baada ya 14. askofu xc4 ngome xc4 umeutwaa mstari wa c, na 15. farasi de2 (yule wa d4 akienda e2) unaijibu kwa b5, ukianza kukivamia kichwa cha mfalme wake kwa vitunda.

Nane: wakikukwepa

Si kila mtu atakukubalia Joka. Akicheza 2. c3, jibu farasi f6, na baada ya 3. e5 mweke farasi d5. Akicheza 3. askofu b5 akimtishia mfalme, ziba kwa askofu d7. Akicheza 2. farasi c3 na kukaa kimya, bado unaweza kuweka farasi c6, g6 na askofu g7, na mshazari ule ule utakuwa wako. Akimpiga kitunda cha d4 kwa malkia katika hatua ya nne, mfukuze kwa farasi c6. Na kumbuka kwamba ufunguzi huu wote ni jibu la 1. e4 peke yake, kwa 1. d4 utahitaji silaha nyingine.

Tisa: namna ya kujizoeza

Huhitaji mega nyingi wala mwalimu wa mbali. Programu ya Lichess ni ya bure, na kwenye simu inakuwezesha kuchambua mchezo hata usipokuwa na intaneti, jambo linalotufaa sana hapa. Lakini usianze na kompyuta. Anza na nafasi tatu, uzichore kwenye daftari: ya kwanza, baada ya 9... d5, ya pili, baada ya 12... h5, ya tatu, baada ya 15... malkia a5. Kila nafasi icheze mara kumi na mwenzako, mkibadilishana pande, dakika kumi kwa kila mmoja. Ukicheza upande wa Mweupe utaanza kuhisi mahali anapoumia, na hilo hakuna kompyuta itakayokuonyesha kwa njia hiyo. Baada ya michezo hiyo ndipo uifungue programu na uitazame sehemu ambayo nyote wawili mlikuwa mmekwama.

Kisha tafuta mechi ya ubingwa wa dunia kati ya Garry Kasparov na Viswanathan Anand, iliyochezwa New York mwaka 1995. Baada ya miaka mingi ya kutegemea aina nyingine za Sisilia, Kasparov alilitoa Joka katikati ya mechi, akashinda mchezo wa 11 na wa 13 akiwa na kete nyeusi. Icheze miwili hiyo ubaoni bila maelezo ya mtu, ukisimama kabla ya kila hatua ya Mweusi na kuandika yako kwenye daftari. Jumamosi njoo na daftari lako na orodha ya hatua ulizokosea. Ubao wa tripleksi unakuwa mezani kuanzia saa nane mchana, na kizibo kitakuwa a8.